Jicho lilibakia: namna wagonjwa wa kiharusi walivyofika kusema na kucheza kwa macho

Jean-Dominique Bauby alikuwa mkubwa wa gazeti Elle kule Paris, mwenye umri wa miaka 43. Tarehe 8 Desemba 1995 alipatwa na kiharusi, ugonjwa ambao wengi katika Congo wanauita AVC. Alipopata fahamu, wiki karibu tatu zilikuwa zimepita. Alisikia yote na kuelewa yote, lakini mikono, miguu na ulimi vilikataa. Jicho la kushoto peke yake ndilo liliendelea kumtii.

Katika hospitali ya Berck, kando ya bahari kaskazini mwa Ufaransa, alitengenezewa orodha ya herufi zilizopangwa kufuatana na zinazotumiwa sana katika Kifaransa: E kwanza, kisha S, kisha A. Mtu alisoma herufi moja moja kwa sauti, na Bauby alipepesa jicho kwenye ile aliyoitaka. Kwa njia hiyo alimwandikisha Claude Mendibil kitabu kizima. Kilitoka Machi 1997, naye akafariki siku chache baadaye.

Njia hiyo haikuwa mpya. Katika hadithi ya Comte de Monte-Cristo, iliyotoka gazetini kuanzia 1844, Alexandre Dumas alimweka mzee Noirtier, aliyepooza mwili wote. Mjukuu wake alimtajia herufi, na mzee alijibu kwa macho. Mwandishi wa hadithi alikuwa ameona kitu ambacho jamaa nyingi bado hazioni: mtu asiyejibu anaweza kuwa anasikia. Na hapo ndipo kuna hatari. Mgonjwa anasemewa juu ya kichwa chake, mali yake inagawanywa mbele yake, na hakuna aliyemuuliza neno.

Masini zilikuja baadaye. Miaka ya 1870, muganga Louis Émile Javal wa Paris alionyesha kwamba jicho linaposoma haliteleziki juu ya mstari, bali linaruka na kutua. Miaka ya 1990, walimu wa Boston College, Marekani, walitengeneza EagleEyes: waya zilibandikwa kuzunguka macho, na watoto wasioweza kutikisa mikono wakaanza kucheza michezo kwenye kompyuta. Leo waya si lazima. Kamera inaangaza jicho kwa mwanga usioonekana na kupima linatazama wapi. Mgonjwa akikazia macho kitu kwa muda mfupi, ni kama amekigusa kwa kidole.

Kwa nini mchezo? Kuna wagonjwa wa kiharusi ambao akili yao inasahau upande mmoja, mara nyingi wa kushoto. Macho yanaona, lakini mtu anakula nusu ya sahani na kusema chakula kimeisha. Mchezo unaweza kuweka mpira ao ndege upande ule uliosahaulika, ili jicho lijifunze kwenda kule tena na tena. Ubongo ulioumia unajifunza kwa kurudia, na kurudia kunachosha. Ushindi mdogo unamfanya mtu akubali kurudia mara nyingine.

Lakini masini isisifiwe kupita kiasi. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Canada, Argentina, Peru na Thailand juu ya wagonjwa 141. Wengine walizoeza mkono kwa michezo ya Wii, wengine kwa karata, bingo na mchezo wa mpira. Wote waliendelea vizuri, na Wii haikushinda karata. Ule ulikuwa mchezo wa mkono, si wa macho, lakini jamaa isiyo na umeme inaweza kushika habari hiyo.

Ubao wa herufi nao hautaki umeme. Haufai kwa kila mtu: kuna ambaye kiharusi kimemnyanganya lugha yenyewe, na huyo anahitaji picha zaidi ya herufi. Wengine hawakujifunza kusoma. Kwao wanaanza na kufumba macho mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana, na maswali yanayoulizwa polepole. Anayejua kusoma anaweza kuandikiwa kwa makaa juu ya karatoni, A ikitangulia, maana katika Kiswahili hakuna herufi inayorudi mara nyingi kuliko hiyo.