Machifu wa Karatasi: Mamlaka Kati ya Mto Ruiru na Mto Chania

Kabla ya ukoloni, migongo ya Wagikuyu inayoshuka kuelekea miji ya leo ya Ruiru na Thika haikuwa na mtawala wa eneo. Ardhi ilikuwa mali ya mbari, yaani ukoo wa babu mmoja, ikitunzwa na muramati, mlezi ambaye hakuruhusiwa kuiuza peke yake, na kesi ziliamuliwa na kiama, baraza la wazee. Muthamaki, ambaye wageni walimdhania kuwa mfalme, alikuwa msemaji aliyesikilizwa kwa busara yake tu. Hata mto Chania, mpaka wa kale wa Kabete na Metumi (Kiambu na Murang'a za leo), ulitenganisha watu bila kutenganisha milki za watawala wawili.

Chifu alizaliwa na sheria za mwaka 1902 na 1912, zilizompa mtu mmoja kazi ya kukusanya kodi na kutoa vibarua. Kinyanjui wa Gathirimu, aliyeinuka kwa kuitumikia ngome ya Waingereza ya Fort Smith, akawa chifu mkuu wa Kiambu.

Wapo watakaomfananisha na ealdorman, liwali wa mfalme katika majimbo ya Waanglo-Saksoni wakati wa mashambulizi ya Waviking, na kweli wote wawili waliteuliwa kutoka juu. Mwaka 1017 mfalme Mdenmaki Cnut aliigawa Uingereza sehemu nne kama mtu anayegawa mashamba, akabaki na moja mwenyewe na kuwapa wakuu watatu zilizosalia. Lakini ulinganisho huo unachechemea mahali muhimu. Ealdorman Byrhtnoth wa Essex, aliyeuawa Maldon mwaka 991, alikuwa mwenye ardhi nyingi, na alikufa akiongoza jeshi dhidi ya wavamizi. Chifu wa Kiambu au Murang'a alipewa cheo na wavamizi wenyewe.

Uzito wa tofauti hiyo ulionekana mashambani, katika kahawa ya Ruiru na mkonge wa Thika, ardhi iliyokwisha kupewa walowezi. Waraka wa Gavana Northey wa mwaka 1919 uliwataka machifu wahimize watu kwenda kuwafanyia walowezi kazi, na wapo waliowapeleka kwa nguvu hata wanawake na wasichana. Hivyo mwanasiasa Mgikuyu Harry Thuku alipoipinga kazi hiyo pamoja na kipande, yaani cheti ambacho mwanamume alilazimika kutembea nacho, alikuwa amewagusa machifu pia, nao wakawa miongoni mwa waliomshtaki kwa serikali kabla hajakamatwa Machi 1922.