Kashfa ya Richmond

Kashfa ya Richmond ni sakata la zabuni ya umeme wa dharura lililoanza nchini Tanzania mwaka 2006 na kumng'oa madarakani Waziri Mkuu Edward Lowassa mwezi Februari 2008. Kabla yake hakuna Waziri Mkuu wa Tanzania aliyekuwa amejiuzulu kwa sababu ya kashfa. Sakata hili lilionyesha nguvu ambayo Bunge linayo likiamua kuitumia. Lilionyesha pia mahali ambapo nguvu hiyo hukoma.

Chanzo chake ni ukame. Mvua zilikuwa haba mwaka 2005, na kufikia mwaka uliofuata kina cha maji katika bwawa la Mtera kilikuwa kimeshuka vibaya. Kwa kuwa nchi ilitegemea sana umeme wa maji, mgawo ukaanza. Viwanda vilipunguza uzalishaji, mashine za kusaga zikasimama, na mwenye saluni au karakana ya kuchomelea akawa anafanya kazi kwa saa alizopangiwa na mgawo. Serikali ya Rais Jakaya Kikwete, iliyoingia Ikulu Desemba 2005, ilibanwa itafute mitambo ya kukodi upesi. Dharura ya namna hii ni hatari kwa fedha za umma kuliko wakati wa kawaida, kwa sababu anayedai taratibu za ununuzi zifuatwe huonekana anawaacha wananchi gizani.

Tarehe 23 Juni 2006 Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilitia saini mkataba na Richmond Development Company LLC ya Houston, Texas. Kampuni hiyo ilipaswa kuleta mitambo ya gesi ya kuzalisha megawati 100 kwa miaka miwili. Kifungu kilichokuja kuwaudhi wananchi kuliko vyote ni kile cha malipo kwa ajili ya uwezo wa mitambo, yaani fedha ambazo shirika hulipa kila siku kwa mitambo kuwa tayari, iwe inazalisha umeme au imezimwa. Kiasi kilichotajwa bungeni ni Sh milioni 152 kwa siku, sawa na zaidi ya Sh bilioni 55 kwa mwaka. Malipo ya aina hii yapo katika mikataba mingi ya umeme, na yenyewe si ufisadi, maana aliyenunua mitambo lazima arudishiwe gharama zake. Tatizo la Richmond lilikuwa jingine. Kampuni iliyopewa zabuni haikuwa na mitambo, mtaji, wala historia ya kazi hiyo.

Mitambo ilichelewa. Mvua za vuli za 2006 zilinyesha kwa wingi na mabwawa yakaanza kujaa kabla megawati zilizoahidiwa hazijakamilika. Mwezi Desemba mwaka huohuo, badala ya mkataba kuvunjwa, ulihamishiwa kampuni ya Dowans Holdings S.A. ya Costa Rica, na TANESCO ikaendelea kulipa.

Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) ilichunguza zabuni hiyo na mwaka 2007 ikatangaza kwamba haikuona rushwa. Wabunge wengi hawakuridhika. Hali ya siasa nayo ilikuwa imechemka: tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alikuwa amesoma hadharani orodha ya viongozi aliowaita mafisadi, na neno hilo likaenea kila kijiwe. Novemba 2007 Spika Samuel Sitta aliunda Kamati Teule ya wajumbe watano, wa chama tawala, CCM, na wa upinzani, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Kamati iliwahoji watendaji, ikapekua nyaraka za zabuni, na ikafuatilia historia ya kampuni hadi Marekani.

Ripoti yake ilisomwa bungeni Dodoma tarehe 6 Februari 2008. Kwa maelezo ya Kamati, Richmond ilikuwa kampuni ya mfukoni isiyostahili hata kufikiriwa, na ilipewa kazi kwa upendeleo baada ya uamuzi kuondolewa mikononi mwa wataalamu wa TANESCO. Kamati ilieleza kwamba kulikuwa na shinikizo kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, na ikaikosoa TAKUKURU kwa kuisafisha zabuni hiyo. Kesho yake Lowassa alilieleza Bunge kwamba Kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa, kisha akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, naye alijiuzulu, pamoja na Dk. Ibrahim Msabaha aliyekuwa ameishika wizara hiyo wakati mkataba ukisainiwa. Baraza la Mawaziri likavunjwa, na Mizengo Pinda akawa Waziri Mkuu mpya.

Kujiuzulu kwa namna hii kulikuwa na mfano nchini. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi aliacha Wizara ya Mambo ya Ndani kutokana na mauaji yaliyofanywa na vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza, ingawa yeye mwenyewe hakuhusika kwa mkono wake. Huko ndiko kuwajibika kisiasa: kiongozi hubeba mzigo wa ofisi yake. Kwa mauaji yale, Mwinyi alikuwa amefanya lililompasa. Kwa mkataba uliogharimu mabilioni, kuachia kiti kulitosha kuwa hatua ya kwanza tu.

Hatua ya pili, ya kuwafikisha wahusika mahakamani, haikuja. Ripoti ya Kamati Teule si hukumu. Ili mtu ashtakiwe, wachunguzi hulazimika kukusanya ushahidi unaokubalika mahakamani, na chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, mashauri mengi ya aina hii huhitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Hapa Bunge lilibaki likiulizia utekelezaji wa maazimio yake, na chombo kilichopaswa kuchunguza upya ni kilekile kilichokuwa kimesema hakuna rushwa. Mkurugenzi wake, Edward Hosea, alibaki kazini hadi Rais John Magufuli alipotengua uteuzi wake Desemba 2015.

Kwamba mawaziri wanaweza kushtakiwa Tanzania, si jambo la kubahatisha. Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri wa Fedha na wa Nishati na Madini, walitiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu Julai 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka katika msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu, hasara ikihesabiwa kuwa zaidi ya Sh bilioni 11. Baadaye walimalizia adhabu kwa kufanya usafi katika Hospitali ya Palestina, Sinza. Kesi ilichukua miaka saba, adhabu ilikuwa nyepesi kwa hasara iliyotajwa, lakini ushahidi ulipimwa mbele ya hakimu na washtakiwa wakapewa nafasi ya kujitetea. Lowassa, aliyelalamika kwamba hakusikilizwa, naye alistahili mahali kama hapo, ama pa kumsafisha ama pa kumtia hatiani.

Gharama nyingine ilikuja kwa mlango wa nyuma. TANESCO ilivunja mkataba wa Dowans mwaka 2008 ikidai kwamba ni batili kwa kuwa sheria ya ununuzi ilikiukwa. Dowans ikaenda katika mahakama ya usuluhishi ya Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, na Novemba 2010 wasuluhishi wakaikataa hoja ya TANESCO na kuitaka iilipe Dowans kiasi kilichokadiriwa wakati huo kuwa Sh bilioni 94. Wanaharakati walipinga, lakini mwaka 2011 Mahakama Kuu iliridhia tuzo hiyo isajiliwe.

Mwaka 2016 Serikali ilianzisha Divisheni ya Mahakama Kuu ya makosa ya rushwa na uhujumu uchumi kwa mashauri yanayohusu kuanzia Sh bilioni moja. Mkataba wa Richmond haukufika huko. Lowassa aligombea urais kupitia CHADEMA mwaka 2015, akarejea CCM mwaka 2019, na kufariki dunia tarehe 10 Februari 2024. Hakuna waziri aliyefikishwa mahakamani kwa mkataba huo.