Bima ya afya: mkulima wa Meru na Embu alipe kiasi gani, na alipe lini?

Sisi watu wa Pwani twazijua Meru na Embu kwa mizigo yao. Kutoka Meru hushuka miraa kwa magari yanayokwenda mbio kama yanafukuzwa. Kutoka Embu, upande wa Mbeere, huja muguka uliotugombanisha mabarazani. Ni nadra kumfikiria aliyeuchuma mzigo ule pale anapougua. Hutibiwa wapi, na bili hulipwa na nani?

Nayauliza haya kwa sababu sheria inayomhusu yeye ndiyo inayomhusu mvuvi wa Vanga na mama muuza mahamri wa Kisauni. Wote hawana hati ya mshahara, na kipato chao hakiji kila mwisho wa mwezi. Ukitaka kujua kama bima mpya ya afya inalipika kwa watu wa namna hii, tazama Meru na Embu, ambako karibu kila nyumba inategemea shamba.

Tulikotoka

Swali la nani alipe ni la zamani. Mwaka 1965, serikali ya uhuru iliondoa ada ya matibabu kwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vyake. Mwaka 1966 ikaanzishwa NHIF, bima ya hospitali iliyowalenga kwanza wenye mishahara. Desemba 1989 ikaja sera ya kuchangia gharama, na wananchi wakaanza kulipa dirishani. Mwaka 2004 ada ikashushwa hadi shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya, na Juni 2013 ikafutwa katika ngazi hizo mbili. Mwezi huo huo, kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure.

Wakati huo huo, Katiba ya 2010 iliandika katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hospitali nyingi zikahamishiwa serikali za kaunti, huku bima ikibaki mikononi mwa serikali ya taifa.

Oktoba 2023, Rais William Ruto alitia saini sheria zilizoivunja NHIF na kuleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote twaiita SHA. Julai 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hizo zilikiuka Katiba. Mahakama ya Rufaa ikaruhusu kazi iendelee wakati rufaa ikisubiriwa, na SHA ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024.

Mifuko mitatu

Wengi huchanganyikiwa hapa, kwa hivyo nitaeleza polepole.

Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi, yaani zahanati na vituo vya afya. Huu hujazwa na serikali kutoka kwa kodi. Ukishajisajili, hutakiwi kuwa umelipa mchango wowote ili utibiwe huko.

Mfuko wa pili ndio bima yenyewe, SHIF. Huu ndio unaolipia hospitali kubwa, kuanzia za kaunti ndogo hadi za rufaa: kulazwa, upasuaji, kujifungua na kusafishwa figo. Ili ukufae, ni lazima mchango wako uwe umelipwa.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na maradhi mazito na ya muda mrefu. Huu nao hutegemea fedha za serikali, na huingia pale kiwango cha bima kinapomalizika.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Anayepata 20,000 hukatwa 550. Zamani NHIF ilimkata 750, kwa hivyo amepata nafuu. Anayepata 50,000 hukatwa 1,375 badala ya 1,200. Anayepata 100,000 hukatwa 2,750 badala ya 1,700. Hapo haki ipo, mwenye nacho alipe zaidi.

Asiye na mshahara hukadiriwa. Huulizwa juu ya nyumba yake, maji, choo, mifugo na idadi ya watu anaowalisha, kisha mtambo unakisia kipato cha nyumba nzima. Asilimia ni ile ile 2.75, na hakuna nyumba inayolipa chini ya 300 kwa mwezi. Nyumba iliyokisiwa kupata 20,000 kwa mwezi itadaiwa 6,600 kwa mwaka. Tofauti kubwa iko hapa: aliyeajiriwa hukatwa kidogo kidogo kila mwezi, na huyu hutakiwa alipe mwaka mzima kwa pamoja, tena kabla hajaugua.

Pesa za shambani zina majira

Sasa twende mashambani. Mkulima wa chai anayepeleka majani kiwanda cha Imenti au Githongo kule Meru, au Mungania na Rukuriri kule Embu, hulipwa kiasi kidogo kila mwezi, kisha hungojea bonasi inayokuja mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba. Mwenye kahawa hungojea zaidi. Mwenye miraa ana siku ambayo mfuko umejaa na wiki ambayo hana hata nauli.

Juu ya majira, kuna amri za watu wa mbali. Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, na soko kubwa likafungwa. Machi 2020 Somalia ilizuia ndege kwa sababu ya korona, na miraa haikurudi huko hadi Julai 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili mwenye shamba Igembe alikuwa na miti ile ile na nyumba ile ile, lakini pesa hazikuwepo.

Nasi pia tumo. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, hadi mahakama ya Embu ikasimamisha amri hizo. Msimamo wangu juu ya muguka haujabadilika: vijana wetu wanaangamia. Hata hivyo ukweli ni kwamba wiki ile kuna mama wa Mbeere aliyelala bila kujua kesho atauza nini. Mtambo unaohesabu mabati yake haukuona hilo. Mabati aliyanunua mwaka wa neema, ila bima anadaiwa mwaka wa dhiki.

Nina shemeji aliyeolewa Maua. Mwaka jana mama mkwe wake alianguka akavunjika nyonga. Mchango wa nyumba ile ulikuwa haujalipwa, na mavuno yalikuwa bado wiki nne. Hospitali moja ya huko ikataka kwanza bima iwe hai, au pesa taslimu. Sisi wa huku chini tukachangishana kwa simu, huyu mia mbili, huyu mia tano, ada ya mwaka ikalipwa jioni ya siku ya pili. Mzee alikaa na maumivu siku mbili kwa deni ambalo nyumba ile ingelilipa bila taabu mwezi uliofuata. Uwezo walikuwa nao, ila haukuja siku moja na ugonjwa.

Ndipo nikaona kasoro ya mpango huu. Umeuliza mtu anapata kiasi gani, ukasahau kumuuliza anapata lini. Matokeo yake yanaonekana nchi nzima: katika mwaka 2025 waliojisajili walipita milioni 20, lakini waliokuwa wakilipa walikuwa sehemu ndogo tu, na wengi wao ni wale wanaokatwa mishahara.

Hospitali nazo hubanwa. Huko juu, hospitali za makanisa kama Maua Methodist, Consolata Nkubu na Consolata Kyeni zimebeba wagonjwa wengi kwa miaka. Hospitali ya namna hii ikicheleweshewa malipo na bima, haina mahali pa kutoa dawa na mishahara isipokuwa kwa mgonjwa. Februari 2025 RUPHA, chama cha hospitali za kibinafsi, kiliwaambia wanachama wake wadai pesa taslimu kwa sababu ya madeni. Mgonjwa aliyelipa bima akalipa mara ya pili.

Basi nani alipe?

Kuna wanaosema kila mtu ajilipie, kwani cha bure hakithaminiwi. Hawa husahau kwamba maskini tayari hulipa kodi kila anaponunua sabuni, mafuta na muda wa maongezi. Kuna wanaosema serikali ilipe kila kitu. Hawa nawaelewa, lakini tangu ahadi ya Abuja ya 2001, ambapo nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, Kenya haijafika hapo. Mimi naona mzigo huu ugawanywe sehemu nne.

Kwanza, mwajiri achangie. Ujerumani ilipoanzisha bima ya wafanyakazi mwaka 1883, theluthi moja ililipwa na mwajiri. Hapa kwetu mwajiri huchangia NSSF, na huchangia asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Kwa afya haweki hata senti. Shamba kubwa, hoteli na kampuni hufaidika na mfanyakazi mzima wa afya. Na walipe sehemu yao.

Pili, mkulima alipe kwa majira yake. Mwenye chai akiridhia, akatwe kiwandani wakati wa bonasi. Mwenye miraa na mvuvi waruhusiwe kulipa kwa mwezi au kwa msimu, na bima ibaki hai kwa kipindi walicholipia. Mwaka 2025 ulikuja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao humkopesha mtu ada ya mwaka akailipa kidogo kidogo. Ni hatua, lakini bado ni mkopo, na mkopo ukiwa na ziada, kwetu Waislamu linakuja suala la riba. Kwa nini mtu akopeshwe ada yake mwenyewe, na ilhali mwenye mshahara hulipa kila mwezi bila kukopa?

Tatu, hohehahe alipiwe na kodi, bila kuzungushwa. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwalipia watu takriban milioni 2.2 wasiojiweza. Ni mwanzo mwema, mradi orodha isomwe hadharani kijijini, ili jirani aseme nani kaachwa na nani kaingizwa kwa kujuana. Tanzania ilijaribu mfuko wa afya wa jamii kuanzia Igunga mwaka 1996, kwa hiari na kwa ada ndogo. Walioachwa nje walikuwa ni wale wale masikini waliokusudiwa. Hiari peke yake haimfikishi maskini hospitalini.

Nne, sisi wenyewe. Mchango wa msikitini na wa harambee huja baada ya msiba. Watu kumi wakitoa shilingi 30 kila mmoja kwa mwezi, ni 300, yaani kiwango cha chini cha nyumba moja. Lakini sadaka isiwe kisingizio cha serikali kukaa pembeni. Haki ya Katiba haiombwi kwa bakuli.

Mambo ya kushika

Jisajili kwa kupiga *147#, uwaweke mwenza na watoto. Kujisajili hakulipishwi.

Anza zahanati au kituo cha afya. Huko hudaiwi mchango.

Ukiona umekadiriwa kupita uwezo wako, omba ukadiriwe upya. Usiinamishe kichwa ukaondoka.

Ukifikwa na dharura, kumbuka kifungu cha 43. Utibiwe kwanza, mambo ya pesa baadaye.

Bili ikikushinda katika hospitali ya umma, muulize afisa wa ustawi wa jamii kuhusu msamaha. Na ujue kwamba Septemba 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya wanawake waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, ilisema kumzuilia mtu kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zake.

Wabunge wetu wa Pwani na wale wa Meru na Embu walitupiana maneno makali juu ya muguka. Hapa wana jambo moja la kusimamia pamoja: kifungu cha kulipa mwaka mzima kwa mkupuo kiondolewe, na mwajiri atoe chake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini anaweza kuhesabu. Na wahesabu, kabla msimu mwengine wa mvua haujaleta malaria na homa za vifua.