Kambi ya mafunzo ya mitandao: Jinsi ya kuchagua wakati ufaao kabla ya mtihani

HARAKA haraka, walinena wahenga, haina baraka. Kauli hii ina uzito kwa vijana wengi wanaojiandaa kufanya mitihani ya kitaaluma ya mitandao ya tarakilishi, na hasa wale wanaokusudia kulipia kambi ya mafunzo, au butikampu kama inavyoitwa na wengi katika fani hii.

Kambi ya aina hiyo huwa ya siku chache, aghalabu tano hadi saba. Wanafunzi hukaa darasani tangu asubuhi hadi jioni na kupitishwa katika mtaala ambao chuoni huchukua muhula mmoja au zaidi. Siku chache baadaye huja mtihani. Swali linalowatatiza wengi si iwapo kambi ina manufaa, bali ni lini mtu anapaswa kuihudhuria.

Jibu kwa ufupi ni kwamba kambi ni hatua ya mwisho ya matayarisho wala si ya kwanza. Anayeingia akiwa hajui lolote hutoka na daftari lililojaa na kichwa kilichochoka. Anayeingia akiwa ameshasoma hutumia siku hizo kuziba mapengo, kisha huenda moja kwa moja kutahiniwa.

Gharama ya kukosea wakati

Makala haya yanachukua mfano wa cheti cha CCNA cha kampuni ya Cisco ya Marekani, kilichoanzishwa mwaka wa 1998 na ambacho huorodheshwa mara kwa mara katika matangazo ya kazi za mitandao humu nchini. Kanuni nyingi zilizoelezwa hapa zinahusu pia vyeti vingine, kama vile Network+ cha shirika la CompTIA.

Katika mabadiliko ya mwaka wa 2020, ada ya mtihani wa CCNA iliwekwa kuwa dola 300 za Marekani kabla ya kodi. Kwa kiwango cha ubadilishanaji cha mwaka wa 2025, ambapo dola moja ilikuwa takriban Sh129, hizo ni karibu Sh38,700. Ada hiyo hulipwa kila mara mtihani unapofanywa. Anayeanguka hulipa upya, na ada ya kambi aliyohudhuria hairudi.

Kwa kijana ambaye fedha hizo zilichangwa na wazazi, ndugu au chama, kuanguka hakuishii kwenye aibu pekee. Ni deni ambalo huenda likamchukua miezi mingi kulilipa. Ndiyo maana uamuzi kuhusu tarehe ni uamuzi wa kifedha sawa na ulivyo wa kimasomo.

Mtihani wenyewe ulivyo

Mtihani wa CCNA, wenye nambari 200-301, huchukua dakika 120. Katika toleo la 1.1, lililoanza kutahiniwa Agosti 20, 2024, maswali yamegawanywa katika sehemu sita. Misingi ya mitandao ina asilimia 20, kuunganisha vifaa kwenye mtandao asilimia 20, usafirishaji wa data kwa itifaki ya IP asilimia 25, huduma za IP asilimia 10, misingi ya usalama asilimia 15, na uendeshaji wa mitandao kwa programu asilimia 10.

Jambo ambalo huwashtua wengi ni kwamba mtahiniwa hawezi kurudi nyuma. Akishajibu swali na kusonga mbele, jibu lake halibadilishwi. Kwa hivyo kasi ya kukokotoa na kusoma amri za ruta ni muhimu kama maarifa yenyewe, na kasi hiyo haipatikani kwa siku tano. Huja kwa mazoezi ya wiki nyingi.

Kwa nini mtihani uifuate kambi mara moja

Mnamo 1885 mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi alichokumbuka baada ya muda. Baada ya saa moja hivi alikuwa amebakiwa na chini ya nusu, baada ya siku moja takriban thuluthi moja, na baada ya mwezi mmoja karibu humusi moja tu.

Ni kweli kwamba jambo linaloeleweka hudumu akilini kuliko silabi zisizo na maana. Hata hivyo, mtaala wa mitandao umejaa mambo ya kukariri: nambari za milango ya itifaki, majina ya amri, na mpangilio wa hatua. Hayo ndiyo huyeyuka kwanza. Mtu anayehudhuria kambi mwezi wa Aprili akapanga kutahiniwa Agosti huwa amelipia maarifa ambayo mengi yatakuwa yamemtoka kabla ya siku yenyewe.

Kwa sababu hiyo, siku tatu hadi kumi baada ya kambi ndio muda unaofaa. Siku hizo huwapa watahiniwa nafasi ya kupumzika na kurudia sehemu zilizowalemea, bila kuacha maarifa yapoe.

Dalili za kuwa tayari

Kabla ya kulipia kambi, ni vyema mtahiniwa ajipime kwa mambo matatu.

Kwanza, aweze kugawa mtandao bila kikokotoo. Mathalani, akipewa anwani 192.168.10.77/26, anapaswa kueleza chini ya dakika moja kwamba mtandao wake ni 192.168.10.64, kwamba vifaa vinaweza kupewa anwani kuanzia .65 hadi .126, na kwamba .127 ni ya kutangazia vifaa vyote. Asiyeweza kufanya hivyo atatumia siku mbili za kambi akihangaika na hesabu ilhali wenzake wanasonga mbele.

Pili, awe ameshika kazi kwa mikono. Cisco hutoa bila malipo programu iitwayo Packet Tracer, ambayo huigiza ruta na swichi kwenye tarakilishi ya kawaida. Mtahiniwa aweze kuunganisha swichi mbili na ruta moja, kutenganisha watumiaji katika VLAN tofauti, na kuwezesha itifaki ya OSPF bila kutazama maelezo.

Tatu, awe amefanya angalau mtihani mmoja kamili wa majaribio kwa kuzingatia muda. Alama anazopata zitamwonyesha sehemu dhaifu, ambazo ndizo atakazomuuliza mkufunzi. Mitihani hiyo itoke kwa wachapishaji halali. Maswali yaliyoibwa, ambayo huuzwa kiholela, yanaweza kumfanya mtu afutiwe matokeo na kunyang'anywa cheti.

Kupanga ratiba kuanzia mwisho

Njia bora ya kupanga ni kuanza na tarehe ya mtihani na kuhesabu kurudi nyuma. Tuchukue mfano wa fundi wa tarakilishi anayeishi Eldoret, anayefanya kazi mchana na kuweza kusoma saa kumi kwa wiki. Akisoma kwa wiki 15 atakuwa ametimiza saa 150, muda unaoweza kumtosha mtu mwenye ujuzi wa kimsingi.

Akianza mapema Julai, wiki hizo zitakamilika katikati ya Oktoba. Mwishoni mwa Septemba, yaani katika wiki ya 12, ajipime kwa mambo matatu yaliyotajwa. Akifaulu, ndipo alipie kambi ya wiki ya tatu ya Oktoba na mtihani wa wiki ya nne. Akishindwa kujipima vyema, asogeze mbele tarehe zote mbili kwa pamoja. Kosa kubwa ni kuahirisha mtihani huku kambi ikibaki palepale.

Aidha, ratiba iwe na nafasi ya akiba. Kanuni ya Cisco humtaka aliyeanguka asubiri siku tano kabla ya kurudia mtihani huo. Fundi wetu akianguka mwishoni mwa Oktoba, bado atakuwa na Novemba nzima kabla ya shamrashamra za Desemba. Hilo halimsaidii iwapo hakutenga fedha za kurudia, kwa hivyo bajeti ya busara huhesabu ada ya mitihani miwili.

Kalenda ya nyumbani na ya kazini

Wanaoajiriwa wazingatie likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Kambi ya siku tano pamoja na siku ya mtihani huchukua zaidi ya robo ya siku hizo, na ni busara kuziomba mapema.

Isitoshe, mwaka wa fedha wa serikali humalizika Juni 30. Mafundi wanaohudumia ofisi za umma hulemewa na kazi katika wiki hizo, na si wakati wa kuketi darasani. Januari nayo huwa ya karo za shule, na wazazi wengi huwa hawana akiba. Kwa Waislamu, Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, hivyo itazamwe kwenye kalenda kabla ya kujisajili kwa masomo ya kutwa.

Mwajiri naye anaweza kusaidia. Waajiri hulipa ushuru wa mafunzo ya viwandani wa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) inaweza kuwarudishia sehemu ya gharama ya mafunzo iliyoyaidhinisha. Kwa kuwa idhini hutafutwa kabla ya mafunzo, mfanyakazi azungumze na idara ya wafanyakazi miezi kadhaa kabla, wala si baada ya kurejea na risiti.

Mtaala unapobadilika

Mitihani hii haidumu milele. Februari 24, 2020, Cisco iliondoa mitihani ya awali ya CCNA na kuleta mmoja mpya. Kabla ya hapo mtu aliweza kupata cheti kwa mitihani miwili ya nusu nusu. Aliyekuwa amepita wa kwanza bila kumaliza wa pili alilazimika kufanya mtihani mpya wote. Vivyo hivyo, CompTIA ilizindua toleo la N10-009 la Network+ mnamo Juni 2024 na kuliondoa la N10-008 Desemba mwaka uo huo.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mtahiniwa athibitishe nambari ya mtihani kwenye tovuti ya wanaoutoa, kisha aulize kama kambi inafundisha toleo hilo hilo. Kambi inayouzwa kwa bei nafuu huenda ikawa inamaliza vitabu vya toleo linalokaribia kuondolewa.

Kituoni au nyumbani?

Mitihani ya Cisco husimamiwa na Pearson VUE, na mtu anaweza kuifanyia katika kituo au nyumbani kupitia intaneti. Anayechagua nyumbani huhitaji chumba cha peke yake, kamera, na muunganisho usiokatika. Anayeishi mahali ambapo umeme hupotea mara kwa mara, hasa wakati wa masika, ni heri agharimie nauli hadi kituoni. Wa mbali asafiri siku moja kabla, na ahakikishe kuwa jina alilojisajilia linalingana na lililo kwenye kitambulisho chake.

Saa ya cheti huanza siku ya kufaulu

CCNA hudumu miaka mitatu. Kisha mwenyewe hulazimika kufanya mtihani tena au kukusanya alama 30 za masomo ya kujiendeleza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni anayekimbilia kambi leo huenda akahitimu cheti chake kikikaribia kuisha. Kwake yeye, muhula wa mwisho ndio wakati ufaao, ambapo cheti kitakuwa kipya anapoanza kutafuta kazi.

Kwa muhtasari, soma kwanza, jipime, kisha ulipie kambi na mtihani kwa pamoja, tarehe zikikaribiana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika fani hii kuinama ni zile wiki 15 za kusoma usiku kabla ya siku tano za darasani.