BIMA, DHIMA NA DHAMANA: ISTILAHI ZA KINGA YA OFISI YA MAWAKILI

Miongoni mwa hati zinazowataabisha wafasiri ni hati za bima, hasa zile zinazowahusu mawakili. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwa nini maneno matatu, yaani bima, dhima na dhamana, hayana budi kutenganishwa.

Neno bima tunalitumia pamoja na wasemaji wa Kihindi na Kigujarati, nalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Nchini Tanzania neno hilo lilipata uzito mpya mwaka 1967, biashara ya bima ilipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha na kuwekwa chini ya Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa mwaka 1963. Mwaka huohuo wa 1967 liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Ukiritimba wa Shirika ulikoma kwa sheria ya mwaka 1996, na tangu hapo mwenye ofisi hulazimika kulinganisha hati za makampuni mbalimbali.

Mawakili wa England walipitia njia inayofanana na hiyo. Zamani kila wakili alijiamulia kukata bima ya makosa ya kazi yake au kutokata. Sheria ya mwaka 1974 ilikipa chama chao uwezo wa kuwalazimisha, na kuanzia mwaka 1976 wote waliingizwa katika hati moja kuu. Mwaka 1987 ulianzishwa mfuko wao wa pamoja. Mwaka 2000 wakaruhusiwa kuchagua bima sokoni. Uchaguzi uliporudi, ulirudi pia wajibu wa kusoma kila neno.

Ofisi ya mawakili huhitaji kinga za namna mbili. Ya kwanza ni ya mali: jengo, samani na majalada, dhidi ya moto na wizi. Ya pili ni ya dhima, yaani wajibu wa kisheria wa kumlipa aliyedhurika, awe mtumishi aliyeumia kazini au mteja aliyepotoshwa kwa ushauri mbaya.

Hapa ndipo mfasiri anapoweza kuleta hasara. Tuseme wakili alikosea kuandika hati ya kiwanja mwaka 1980, na mteja akadai mwaka 1986. Bima ya dhima ya kitaaluma kwa kawaida huangalia siku dai lilipotolewa, wala si siku kosa lilipotendeka. Basi aliyeacha kulipia bima mwaka 1985 hana kinga, ingawa alikuwa nayo alipokosea. Mfasiri akiandika "makosa yaliyotendeka katika muda wa bima" mahali pa "madai yaliyotolewa katika muda wa bima", amemwahidi wakili kinga asiyokuwa nayo, na mteja huenda asipate wa kumlipa.

Kwa hiyo tunapendekeza dhima itumike kwa wajibu wa kisheria, na fidia kwa malipo yanayotokana nao. Dhamana ibaki mahakamani na benki, ambako mtu hujifunga kwa ajili ya mwingine. Mwenye kutoa bima hamdhamini wakili. Hubeba hasara yake, kwa kiasi na kwa masharti yaliyoandikwa. Masharti hayo mteja hayaoni, na wakili huyasoma kwa macho ya mfasiri.