Kihisimwendo cha mwanga

Kihisimwendo cha mwanga ni kifaa kidogo kinachotambua mtikisiko, mchapuko au mwinamo kwa kupima badiliko la mwanga ndani yake. Vingi hutengenezwa kwa silikoni na huwa na upana wa milimita chache. Vifaa vya aina hii vinaweza kufaa katika maeneo yenye matetemeko na maporomoko ya ardhi, kama wilaya za Mbulu na Hanang katika mkoa wa Manyara, Tanzania.

Muundo

Ndani ya kifaa kuna kipande kizito kilichoning'inizwa kwa springi nyembamba. Fremu inaposukumwa, kipande hicho huchelewa kuifuata. Taa ya LED au leza humulika ukingo wake, na fotodiodi hupokea mwanga unaopita. Kipande kikisogea, mwanga huongezeka au kupungua, na fotodiodi huugeuza kuwa mkondo wa umeme unaopimika.

Mwendo huo ni mdogo sana. Kama springi hutikisika mara 100 kwa sekunde, mchapuko wa elfu moja ya mvutano wa dunia husogeza kipande kwa nanomita 25 hivi. Springi laini zaidi huongeza usikivu, lakini kifaa huwa dhaifu na hushindwa kufuata mitikisiko ya haraka.

Utengenezaji

Kisahani cha silikoni hupakwa dawa inayobadilika kwa mwanga, kisha mchoro wa springi huchapwa juu yake kwa urujuanimno. Gesi huchimba sehemu zisizokingwa, na mwishoni kipande hufunguliwa ili kining'inie. Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, walitangaza kipima-mchapuko cha mwanga kilichojengwa ndani ya chipu moja.

Mbulu na Hanang

Wilaya hizi zimo katika Bonde la Ufa. Tetemeko la tarehe 7 Mei 1964, lenye ukubwa wa takriban 6.4, lilitokea katika ukanda huu. Mwaka 2007 vipima-tetemeko vya muda viliwekwa kati ya Ziwa Natron na Ziwa Manyara, na vikaonyesha kwamba matetemeko mengi ya upande wa Manyara huanzia kina cha zaidi ya kilomita 20.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Hanang ni volkeno, lakini serikali ilieleza kwamba hapakuwa na mlipuko: sehemu ya mlima ilinyonya maji ikameguka.

Kwa hatari ya namna hiyo, kihisi kinaweza kupima mwinamo wa mteremko au mngurumo wa tope linaloshuka. Huko Illgraben, Uswisi, vihisi vya mtikisiko vilivyo kando ya korongo hutumika kutoa tahadhari kabla tope halijawafikia watu walio chini.

Mipaka

Joto la mchana na baridi ya usiku hubadilisha springi na taa, hivyo vipimo huhitaji kusahihishwa. Kihisi pia hakitabiri tetemeko. Kwenye maporomoko huokoa maisha pale tu kinapoambatana na vipimamvua, umeme wa uhakika, mawasiliano, king'ora na njia ya kukimbilia inayojulikana na wakazi.