Ushahidi na Ubunifu katika Maisha na Kazi ya Nakazawa Keiji

Wahakiki waliozishughulikia kazi za Nakazawa Keiji, mchoraji wa manga kutoka Hiroshima, aghalabu wameziainisha kama tawasifu. Uainishaji huo una msingi, lakini unafunika jambo moja zito. Tukio linalokumbukwa kuliko yote katika Hadashi no Gen (Gen Miguu Mitupu) ni lile ambamo baba, dada na mdogo wa kiume wanateketea chini ya kifusi cha nyumba yao, huku Gen na mama yake wakijaribu kuzinyanyua boriti na kushindwa. Nakazawa hakulishuhudia tukio hilo. Mama yake ndiye aliyelishuhudia, naye mwana akasimuliwa.

Nakazawa alizaliwa Hiroshima mwezi Machi mwaka wa 1939. Baba yake alikuwa mchoraji na mwanachama wa kikundi cha maigizo, na aliwahi kutiwa gerezani kwa sababu ya msimamo wake dhidi ya vita. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo, mtoto huyo wa miaka sita alikuwa langoni mwa shule yake ya msingi, zaidi kidogo ya kilomita moja kutoka kitovu cha mlipuko, akizungumza na mama wa mwanafunzi mwenzake. Ukuta wa saruji ulimkinga na ule mwako. Mwanamke aliyekuwa akizungumza naye hakukingwa. Nyumbani walikufa baba, dada na mdogo wake. Mama alijifungua mtoto wa kike siku hiyo hiyo, na kitoto hicho kilifariki baada ya miezi michache.

Kuhusu miaka iliyofuata haihitajiki kusemwa mengi. Njaa ilikuwapo, na pia hadithi za picha za Tezuka Osamu, hasa Shin Takarajima ya mwaka wa 1947, zilizompa mtoto huyo hamu ya kuchora. Alipomaliza shule ya kati alijifunza kazi ya kuandika mabango, kisha mwaka wa 1961 akahamia Tokyo na kuwa msaidizi wa wachoraji waliotangulia. Huko alijifunza jambo jingine pia: kunyamaza. Manusura wa bomu waliogopwa kana kwamba mnururisho ni maradhi ya kuambukiza, na wengi walikataliwa katika ndoa. Alipogundua jinsi watu walivyobadilika mara tu alipotaja Hiroshima, aliacha kuitaja. Manga zake za mwanzo, zilizoanza kuchapishwa mwaka wa 1963, zilikuwa za burudani tu kwa vijana. Bomu halikuwamo.

Kilichouvunja ukimya huo ni kifo cha mama yake mwaka wa 1966. Desturi ya Kijapani inawataka jamaa waiokote mifupa ya maiti baada ya kuchomwa. Nakazawa alipofika hakukuta mifupa. Alikuta vipande vidogo vyeupe katikati ya majivu. Katika tawasifu yake anaeleza kwamba aliamini mnururisho ulikuwa umeila mifupa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwamba hasira iliyompata ndiyo iliyomrudisha Hiroshima kifikra. Iwapo imani hiyo ina ukweli wa kitabibu ni suala jingine. Kifasihi, hapo ndipo mwandishi alipozaliwa, na tangu hapo kila alichochora juu ya bomu kiliandikwa kwa deni la mtu mmoja aliyeona yale ambayo yeye hakuyaona.

Hadithi yake ya kwanza juu ya mada hiyo, Kuroi Ame ni Utarete, ilikataliwa na wachapishaji wakubwa, ikatoka mwaka wa 1968 katika jarida la watu wazima ambalo halikuwa na hadhi kubwa. Mwaka wa 1972 alichapisha Ore wa Mita, yaani Niliona. Kichwa hicho ni cha shahidi anayeapa mbele ya hakimu, na masimulizi yenyewe yamejifunga kwa kiapo hicho: kifo cha jamaa kinasimuliwa kama alivyokisikia kwa mama. Mwaka uliofuata, katika jarida la Shonen Jump, Hadashi no Gen ilianza, na humo kiapo kikalegezwa. Gen anawekwa palepale nyumbani, na mikono yake inashika boriti.

Je, huu ni uongo? Mhakiki anayedai kwamba thamani ya kazi hii ni ya ushahidi peke yake hana budi kujibu swali hilo, na jibu lake litakuwa gumu. Hoja yenye mashiko zaidi ni kwamba Nakazawa alimpa Gen macho ya mama. Mtoto aliyeokoka kwa kuwa mbali anarudishwa na mwanawe wa kubuni mahali ambapo hakuwapo, ili abebe sehemu ya mzigo uliobebwa na mtu mmoja hadi akafa. Jina lenyewe la mhusika, ambalo maana yake ni asili au chanzo, linaonyesha kwamba mwandishi hakukusudia kujichora yeye tu.

Fani ya kazi hii imelaumiwa kuwa ni ghafi. Watu wanapigana makofi, wanapiga mayowe na kuimba kama katika katuni yoyote ya wavulana wa wakati ule. Lawama hiyo inasahau msomaji aliyekusudiwa. Mtoto aliyelizoea jarida lile aliingia Hiroshima kupitia mlango alioujua, kisha akakutana na watu ambao ngozi zao zinaning'inia mikononi. Nakazawa mwenyewe alisema kwamba alipunguza ukali wa picha hizo.

Wala hasira yake haikuwaelekea Wamarekani pekee. Jirani Mkorea, Bwana Pak, anawatendea wema wanafamilia wanaotengwa na majirani Wajapani, na majuzuu ya baadaye yanautaja waziwazi ukatili wa jeshi la Japani barani Asia. Hilo ndilo lililoleta mgogoro katika mji wa Matsue, ambako kitabu kiliondolewa katika rafu za wazi za maktaba za shule mwezi Desemba 2012, kisha kikarudishwa mwaka wa 2013 baada ya malalamiko ya umma. Mwaka wa 2023, Hiroshima yenyewe ilikiondoa katika vifaa vyake vya kufundishia amani.

Shonen Jump iliacha kuichapisha hadithi hiyo mwaka wa 1974. Ikahamia katika majarida mengine, likiwemo la chama cha walimu, hadi ikatimiza majuzuu kumi katika miaka ya 1980. Juzuu la kumi linamwacha Gen akiondoka kwenda Tokyo kusomea uchoraji. Nakazawa alikusudia kuandika sehemu ya pili, ambayo ingemfuata Gen katika mji ule ule alikojifunza yeye kuficha alikotoka. Mwaka wa 2009 alitangaza kwamba macho yake hayakumruhusu tena kuchora, na tarehe 19 Desemba 2012 alifariki Hiroshima kwa saratani ya mapafu. Miaka ya ukimya haikuchorwa.